Eti "kwani unatafuna mawe?" Mbele ya watu wote wale!

Wakuu nimeingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, naandika huku ulimi unachezea kisiki cha jino. Yule daktari wa meno, jina sitaji, mnamjua, yule anayekujazia pamba mdomo mzima ndo anaanza kukuuliza habari za nyumbani na anangoja umjibu. Wiki 2 zilizopita kanichonga gego mpaka likabaki kama njiti ya kiberiti, akanivalisha kofia ya muda, yaani kifuniko cha jino, akasema rudi ile ya kudumu ikitoka maabara. Basi! Kumbe ile ya muda inashikizwa na gundi dhaifu makusudi ili waje waitoe kirahisi, sasa mimi ningejuaje? Jana usiku nimekula pipi ya kunata, moja tu, nikasikia kwap, kofia imeondoka na pipi. Toka hapo hata hewa ikipita nazizima mpaka kisogoni, usingizi nimeusikia kwa jirani.

Asubuhi nikaifunga kwenye karatasi nikaenda. Benchi limejaa, kuna bibi, kuna mtoto, kuna kaka shavu limevimba kama puto. Anatoka chumbani, anaitazama kofia, ananitazama mimi, kwa sauti ya mnadani: "KWANI WEWE UNATAFUNA MAWE?" Watu wakaangua kicheko. Mtoto akacheka. Yule wa shavu, mgonjwa mwenzangu, anaumwa, na yeye kacheka huku kalishika.

Mawe jamani. Mtu mzima naulizwa kama natafuna mawe. Angesema siku ile usile vya kunata, tafunia upande wa pili, ni sekunde 10 tu, ningemsikiliza kama sala. Hakusema. Halafu anakuja kuniuliza mawe!

mdau_wa_kiti_cha_nyuma: Mleta uzi pole, ila pipi ya kunata na kofia ya muda mkuu... hata mimi ningeuliza mawe.

Mleta uzi: Hakuniambia!! Soma uzi wewe.

shangazi_mkali: Mwanangu usimjibu huyo. Ila na uzi wa meno uangalie, kwenye ya muda ukishaupitisha chini usiuvute kwenda juu, uchomolee pembeni. Mimi niliuvuta juu, kofia ikaruka ikaingia kwenye sinki na maji.

fundi_kila_kitu: Si ungeirudisha mwenyewe na gundi ya viatu, dakika 2 kazi imeisha.

shangazi_mkali: Wewe ndo unaua watu. Gundi ya viatu kwenye fizi? Na ikikaa upande je? Na usilale nayo ikiwa inacheza, unaweza kuivuta ikaingia kwenye pumzi. Inatunzwa, inapelekwa kwa daktari, kama alivyofanya mwenzako.

Mleta uzi: Asante shangazi. Nimeipeleka kwa adabu zangu zote nikaulizwa mawe.

jino_la_kaure: Afadhali wewe wa muda. Mimi nina ya kudumu, kaure juu chuma ndani, fizi zimeshuka sasa kuna mstari mweusi pale chini, kila mtu ananiambia una kitu kwenye jino. Niliuliza kabla, nikajibiwa "haitaonekana". HAITAONEKANA!

kicheko_cheupe: Mi nilienda kung'arisha meno wakati nina kofia mbele. Hakuna aliyenitonya kwamba dawa haibadilishi rangi ya kofia. Meno yote meupe, moja njano katikati kama taa ya tahadhari.

mdau_wa_kiti_cha_nyuma: 😂😂😂 taa ya tahadhari

mpole_sana: Yangu iliwekwa ikawa juu kidogo kuliko wenzake, kila nikifunga mdomo inagonga ya kwanza, kichwa kinauma siku 9. Nikaambiwa "utazoea". Nikaenda kwa mwingine, akanipa karatasi ya rangi nikang'ata, akasugua pale palipopata rangi, nikatoka nimepona. Utazoea!

fundi_kila_kitu: Ila ukishavaa kofia si ndo jino haliozi tena, mnalalamika nini?

shangazi_mkali: Nani kakudanganya? Kofia haiozi, jino lililo chini yake linaoza, pale pale inapokutana na fizi. Usipopasugua hapo utakuja kuvuliwa kofia ukute ndani hamna kitu.

Mleta uzi: Wakuu naomba turudi kwenye mawe.

jino_la_kaure: Hivi kuna anayesaga meno usiku humu? Mume wangu anasaga mpaka nashtuka, kapasua kofia moja tayari, kapewa kile kikinga cha kuvaa usiku na hakivai.

mpole_sana: Dada wangu pia! Anasema kinamziba. Cha mumeo kiko wapi sasa?

jino_la_kaure: Kwenye droo. Na bado anasema ni mimi ndo namkoromea.