Ekseli imegoma kutoka kwenye gia boksi: tupeane uzoefu

Jiwe la Bwiru:
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimekalia tairi langu mwenyewe, gereji moja hapa Nyakato, Mwanza. Gari ni IST. Nimeileta saa tatu asubuhi kubadilisha sili (mpira wa kuzuia oili) ya ekseli, ile shafti inayotoka gia boksi kuzungusha tairi, upande wa kushoto, ilikuwa inavuja oili ya gia boksi hadi mama watoto akaanza kutandika magazeti pale tunapoegesha. Fundi akaniambia, "Bosi, nusu saa tu, usiende mbali."

Sasa hivi saa kumi na moja na ekseli bado imo. Nati ya hab (kitovu kinachobeba tairi) ilitoka, boli joint ikatoka, upande wa tairi ukaachia bila ugomvi. Huku ndani ndiko imeng'ang'ania kama kupe. Wamepita mafundi wanne. Kila mmoja anamcheka aliyemtangulia, anaingia chini na nondo, anatoka ameloa na hacheki tena. Wa mwisho ameniuliza kama gari nilinunua kwa mtu au kwa shetani.

Nimemkumbuka marehemu baba, alilala Magu siku mbili na Corolla yake kwa tatizo hilihili. Nyumbani hakuna aliyemwamini, mama ndiyo kabisa. Leo namwomba radhi. Yaliyowakuta leteni, muda ninao.

Sato Mkavu:
Nusu saa ya fundi ni kama "nipo njiani" ya mtu ambaye bado anaoga.

Kijiko cha Usagara:
Pole sana ndugu. Yangu ilikuwa Passo, mwaka 2021, karibu na ile njia panda ya Usagara. Nilikuwa nawahi kivuko Kigongo, daraja lilikuwa bado linajengwa. Gari likaanza kulia ka-ka-ka kila nikikata kona, nikaingia kijiweni (sitakitaja, watu bado wanakula pale). Ekseli ikagoma kama yako. Wakaja vijana na wazo: kamba. Wakafunga kamba kwenye ekseli, ncha nyingine kwenye bajaji. Nami nimesimama pale na akili zangu timamu, natazama.

Bajaji ikavuta. Ikasikika pwaa, kama mguu unaochomoka topeni. Tukashangilia. Kumbe ekseli imeachana na kikombe chake! Buti, ule mpira unaofunika joint, limechanika, grisi imetapakaa, na kile chuma cha ndani chenye miguu mitatu kimetoka na kumwaga sindano zake za beringi mchangani. Kikombe chenyewe kipo palepale kwenye gia boksi, kinanitazama kama jicho.

Tukaanza kuokota sindano mojamoja. Watoto wa shule walikuwa wanarudi, nikawaambia kila anayeleta moja anapata peremende. Waliokota, Mungu awabariki, mmoja akaniletea na pini ya nywele. Tulipohesabu hazikutimia. Nilinunua ekseli nzima ya mtumba, na kivuko nilipanda kesho yake.

Mama Wawili:
Bajaji jamani!

Fundi Mzee Mabatini:
Jiwe, mwambie fundi wako atulie, aache kutumia hasira. Mwisho wa ekseli, ndani ya gia boksi, kuna kapete ka waya, unene wa njiti ya kiberiti, kana uwazi upande mmoja. Ndiyo saklipi. Kakishapita kwenye gia ya difu, ile inayogawia matairi mzunguko, kanatanuka, kanakaa nyuma ya meno. Hapo ndipo panaposhika, si pengine. Ukivuta polepole kanazidi kushika. Kanataka mshtuko mmoja wa ghafla.

Chukua nondo fupi bapa, ipenyeze kati ya kikombe na gia boksi, egemeza penye nyama nene ya chuma, usiguse ukingo wa sili. Gonga. Ikikataa usibadilishe nyundo: zungusha ekseli nusu mzunguko, gonga tena. Ule uwazi wa saklipi ukikaa chini mara nyingi inaachia. Akiwepo mtu wa pili ashike nondo nyingine upande wa pili, mgonge pamoja. Na oili imwagwe kwanza, la sivyo mtaoga. Huyo wa bajaji sina la kumwambia.

Kijiko cha Usagara:
Shikamoo mzee. Nilikuwa mwenye gari tu, bajaji haikuwa yangu.

Fundi Mzee Mabatini:
Marahaba. Kamba uliiona lakini.

Mzawa wa Igoma:
Mnahangaika bure. Pasha moto kile kikombe na gesi dakika tano, kinatoka chenyewe. Mimi nimefanya.

Nati Kumi na Nne:
Moto kwenye gia boksi ya aliminiamu? Yenye oili? Na sili ya mpira pembeni? Wewe ulifanyia trekta.

Mzawa wa Igoma:
Nimefanyia gari langu mwenyewe na linatembea hadi leo. Wewe una gari?

Nati Kumi na Nne:
Ninalo.

Mzawa wa Igoma:
Gari gani?

Nati Kumi na Nne:
Vitz.

Mzawa wa Igoma:
Haya, nimemaliza.

Mama Wawili:
Jamani Vitz imewakosea nini? Kaka Igoma, nadhani moto wako ulikuwa upande wa hab, ekseli ilishikwa na kutu kwenye meno ya hab. Hilo ni tatizo jingine. Kule unaacha nati ikae sawa na ncha ya ekseli kulinda nyuzi, unagonga juu yake na kipande cha shaba au mbao. Mwenzetu tatizo lake liko ndani.

Mzawa wa Igoma:
...Ilikuwa upande wa hab. Lakini moto ni moto.

Mwana Igombe:
Mimi nilikuwa napita tu, ila niliposoma "nusu saa tu" mwili umesisimka.

Nilikuwa na Noah, naendea dagaa Igombe. Ekseli ya kulia ikafa hukohuko, mita chache kutoka mwaloni, penye mitumbwi. Fundi wa pale akahangaika nayo hadi saa nane, ikatoka. Akaifunga kwenye bodaboda akaenda nayo mjini kutafuta inayofanana. Jeki tuliazima kwa dereva wa Fuso, naye anaondoka, anaitaka jeki yake. Tukarudisha tairi, tukashusha gari. Hendibreki ilikufa kabla sijalinunua. Nimeweka P, gia ya kuegeshea, na P nilikuwa naiamini kuliko ndugu zangu. Juu ya hapo nikaweka jiwe nyuma ya tairi la nyuma, maana gari lilipa ziwa mgongo na pale kuna mteremko kidogo.

Nikaenda kula wali. Upepo ukaanza. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa kwenye nyavu, zikawa zinapeperuka, akatafuta kitu cha kukandamiza. Akaliona jiwe langu.

Gari likaondoka kimya, kama mtu anayekimbia deni. Mimi na tonge mkononi naliona linapita. Likapanda nyavu za yule mama, likapita katikati ya mitumbwi miwili bila kugusa hata mmoja (dereva mzima asingeweza), likaingia ziwani kinyumenyume hadi maji yakafunika taa za nyuma. Likatulia. Watoto wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema ziwa limeita chake.

Lilitolewa na wavuvi kama kumi na tano kwa kamba, wanaimba, mwendo mmoja, mikono imezoea kabisa. Ungesema ni watu wanaovuta kokoro, lile juya lililopigwa marufuku, kila siku, ingawa pale hakuna aliyekiri kuwahi kuliona kokoro maishani mwake.

Sato Mkavu:
Nimelaza simu kwanza nicheke.

Nati Kumi na Nne:
Chai hii. Gari likiwa P haliendi popote. Sema ulisahau kwenye N.

Mwana Igombe:
Lilipotolewa majini gia ilikuwa P. Watu walichungulia. Ndiyo maana walianza kusema mambo ya ziwa.

Mzawa wa Igoma:
Hapo kuna mkono wa mtu.

Fundi Mzee Mabatini:
Hakuna mkono wala nini. P inafunga difu, haifungi matairi. Ekseli zote mbili zikiwemo, matairi yote chini, gari linakaa. Chomoa moja, difu inapitishia mzunguko upande ulio wazi, na tairi lililobaki linajiendea. Hata ukinyanyua tairi moja tu la mbele kwa jeki ni hivyohivyo, P yako inakuwa pambo. Mawe, tena mawili, na mtu wa kuyalinda. Kosa jingine: hab isiyo na ekseli haibebeshwi gari, beringi inaharibika. Mlitakiwa mrudishe hata ile kichwa cha nje cha ekseli mbovu mkaze nati.

Nati Kumi na Nne:
Nimeelewa mzee. Igombe, nisamehe.

Mama Wawili:
Kuna gari upande mmoja shafti ni ndefu, ina beringi katikati, imeshikwa na braketi kwenye injini. Yangu fundi aligonga asubuhi nzima, kumbe boliti ya braketi hajaigusa. Chunguzeni kabla ya kugonga.

Kijiko cha Usagara:
Na msichomoe ekseli zote mbili kwa pamoja bila kuziba. Kuna gia boksi ambazo gia za difu zinaporomoka ndani, hapo unafungua boksi zima. Chomeka ekseli ya zamani au hata kipande cha mti kilichochongwa.

Sato Mkavu:
Hili nalo ulijifunza kwa bajaji?

Jiwe la Bwiru:
Wakuu, imetoka! Nilimsomea fundi maneno ya mzee kwa sauti. Alinuna, akasema na yeye alitaka kufanya hivyohivyo. Akazungusha mara ya tatu, kijana akashika nondo ya pili, wakagonga pamoja, ta! Ikaruka hadi kwenye ndoo.

Sasa sikieni. Saklipi haikuwa saklipi. Fundi wa zamani, Mungu anamjua, alikata spoku ya baiskeli akaikunja duara. Ngumu, haibonyei. Ndiyo iliyotutesa kutwa. Tumenunua mpya, sili mpya, uwazi tumeuweka chini, imeingia kwa pigo moja, tukaivuta kwa mkono kuhakikisha haitoki. Tunajaza oili sasa. Fundi anataka elfu sitini kwa sababu "kazi imekuwa kubwa".

Fundi Mzee Mabatini:
Mpe thelathini na soda.

Mama Wawili:
Mwana Igombe, yule mama wa dagaa alilipwa?

Mwana Igombe:
Ndoo tatu, bei ya siku hiyo. Nikamwambia basi anirudishie jiwe langu, akasema jiwe amelikuta.