Penn State 2025: kocha akitimuliwa, wachezaji wanaruhusiwa kuhama papo hapo?

Wakuu, nafuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo, na timu ya chuo cha Penn State bado inaniuma. Walianza msimu nafasi ya 2 kitaifa. Wakafungwa na Oregon katika muda wa nyongeza, kisha na UCLA ambao hawakuwa wameshinda mechi hata moja, halafu Northwestern wakawapiga nyumbani, siku aliyoumia Drew Allar, mrusha mpira wao mkuu. Kesho yake, 12 Oktoba, kocha James Franklin akatimuliwa. Vijana wangeweza kuhama hapo hapo?

Jibu: Kujiandikisha kuhama, ndiyo. Kuchezea chuo kingine msimu uleule, hapana. Msimu huo kulikuwa na kanuni ya mechi 4, iliyoanza 2018: asiyezidisha hapo aliweza kuuokoa mwaka wake, yaani usihesabiwe katika miaka yake ya kuchezea chuo. Ila Franklin aliondoka baada ya mechi 6, kwa hiyo waliocheza zote walishachelewa.

Jibu: Mimi namsifu Terry Smith, aliyekuwa kaimu kocha baada ya Franklin na aliyewahi kuchezea chuo hichohicho. Indiana waliwaponyoka 27-24 dakika ya mwisho, Omar Cooper wa Indiana akidaka mpira nyuma kabisa ya eneo la kufungia, mguu ukigusa ndani kwa ncha tu. Timu nyingine ingekata tamaa. Penn State wakashinda mechi 3 zilizobaki za msimu wa kawaida.

Muuliza: Asante wakuu, hiyo ya mechi 4 imenifungua macho.