Yule wa kibanda cha simu Mwembe Tayari, Mombasa, rudisha 500 ya bibi wa watu!

Mvita_Damu
Wallahi nina hasira hata vidole vinagonga herufi mbili mbili. Nyote mwamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kibao "TUNATAFUTA MWENYE NAMBA". Asubuhi hii bibi wa watu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, kampelekea namba inayompigia saa nane za usiku na kunyamaza. Bwana yule kamwambia kazi hiyo yataka mitambo. Shilingi 500. Kisha AKAGEUZA SIMU. Akampa bibi mgongo, akabonyeza nusu dakika, akarudi na jina kwenye kikaratasi kama kasisi mwenye cheti cha ndoa.

Mitambo gani? Ni M-Pesa! Tuma pesa, weka namba, weka shilingi 10, weka PIN, jina la aliyesajili laini linatokea lithibitishwe, unaghairi. Basi. Ukizubaa ikapita, umepoteza 10, na kutuma 100 kushuka chini hakuna ada. Kwa 500 bibi angetafuta namba 50 na zote zikapita!

Angesema "bibi njoo uone", hata 50 ya chai angepewa kwa heshima. Lakini akageuza simu. Mtu mzima amesimama juani na kanga yake kichwani, kijana amegeuza simu!

Kasha_la_Kale
Na jina lenyewe huenda si la anayepiga. M-Pesa hukuonyesha aliyesajili laini, haikuonyeshi aliyeishika. Kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, cha mfanyakazi, hata cha mtu aliyepiga foleni ya laini za bure barabarani akaacha namba ya kitambulisho. Bibi akienda kumgombanisha mwenye jina lile, ataomba radhi mtaa mzima. Kila mtu wa Safaricom abonyeze *106# aone laini ngapi ziko kwa jina lake. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao na kitambulisho ikafungwe.

Shemeji_wa_Kisauni
Kelele zote hizi kwa 500? Kinyozi naye anakutoza kwa mkasi ambao nyumbani unao. Mtu ana ujuzi, anauza ujuzi. Nenda kalale.

Mvita_Damu
Kinyozi hukupa kioo! Huyu AMEGEUZA SIMU. Soma kabla ya kujibu.

BiMkubwa_Likoni
Wanangu, na hizo programu za kutambua namba msiziamini kama msahafu. Truecaller majina yake hutoka kwa watumiaji, jinsi walivyowaandika wenzao. Watu watatu wakimuandika mtu "Mwizi wa Mbuzi", ndivyo atakavyotokea kwako, na mbuzi hajawahi kumshika. Yafaa kwa jambo moja: ukiona wengi wameripoti namba kuwa ya matapeli, usipokee. Na mbele ya namba pia hapasemi kitu tena. Tangu 2011 mtu aweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hivyo wa 0733, ya Airtel, aweza kuwa Safaricom.

Kuhusu huyo bibi: asipige tena namba ile. Apige picha ya skrini kwenye orodha ya simu, tarehe na saa zionekane, kwa kila simu. Akishakusanya za siku kadhaa aende kituo cha polisi apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Polisi ndio wenye njia ya kuomba mtandao taarifa za laini. Kibanda hakina.

Mtoto_wa_Bondeni
Nyinyi mwalilia 500, wa mikopo ya simu je? Hukukopa, hukudhamini, unapigiwa ati "mwambie rafikiyo alipe". Tena kwa namba mpya kila saa, ukifunga hii inazuka ile. Hao ndio wa kufunguliwa uzi. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimewakataza kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Andika jina la programu, namba na saa, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na usiwalipe hata shilingi, deni si lako.

Yakhe_Old_Town
Afadhali hao wanaongea. Mimi nachukia wa mlio mmoja kukata, namba ya nje. Hapa kwetu kila nyumba ina mtu Uarabuni au Ngazija, kwa hivyo watu hukimbilia kurudisha. Tazameni mwanzo: +968 ni Oman, +971 Emirati, +966 Saudia, +269 Komoro. Kama huna mtu huko, wacha. Kama unaye, mpigie kwa namba yake unayoijua. Ukirudisha ile ngeni salio laliwa kwa bei ya simu za nje, na wengine wanakuwekea muziki ili usikate.

Kasha_la_Kale
Kibaya kuliko vyote ni yule anayejifanya wa mtandao na kukuambia ubonyeze **21* kisha namba kisha #. Hapo umemhamishia simu zako zote, hata ile ya kukusomea namba ya siri ya WhatsApp inaingia kwake. Bonyeza *#21# uone kama simu zako zimehamishwa. Kuondoa ni ##002#.

Shemeji_wa_Kisauni
Hiyo ya ##002# nimeihifadhi, ahsante. Lakini kama ni kumlaumu wa kibanda, mlaumuni kwa waya za chaji! Mia moja, wiki moja, waya wa moto kama pasi.

Yakhe_Old_Town
Waya ndani ni mwembamba kama unywele, lazima upate moto. Ila wengine mwasingizia waya, tatizo ni tundu la chaji. Hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani, na wanaolala na simu kwa dirisha la baharini ndio huharibikiwa mapema.

BiMkubwa_Likoni
Kweli. Zima simu, toa uchafu kwa kijiti, pitisha spiriti kidogo, iache ikauke kabisa ndipo uchomeke. Msitie sindano, mwavunja meno ya ndani.

Mvita_Damu
Jamani, na 500 ya bibi? Amegeuza simu!

Mtoto_wa_Bondeni
BiMkubwa, kijiti cha mbao au cha plastiki?

BiMkubwa_Likoni
Cha mbao, mwanangu. Kichonge kiwe bapa.