Tupeane uzoefu: Baiskeli kwenye barabara za vijijini Ufaransa, kule kusiko na magari wala watu

Kanyagia
Wakuu, salaam. Jana usiku nilifungua ramani ya Lozère, mkoa wenye watu wachache kuliko yote Ufaransa, kumbukumbu zikaanza kumiminika. Wengi wetu tulioko Ulaya tunaanzia bonde la mto Loire: njia tambarare, kibao kila njiapanda, nyumba za wageni zenye nembo ya Accueil Vélo mlangoni, yaani wanapokea waendesha baiskeli. Pale hakuna cha kuogopa. Mimi naulizia zile barabara zenye herufi D, yaani za mkoa, nyembamba, hazina hata mstari katikati, unakanyaga asubuhi nzima unapishana na trekta na gari la posta basi. Sijaona raha inayoifikia hiyo. Ila utulivu wenyewe ndio mtihani: ukiharibikiwa, umeharibikiwa peke yako. Waliopita huko waje. Kilikukuta nini, na ulitokaje?

FundiSpoki
Nakaa Clermont-Ferrand na nakuunga mkono. Ukipanda mlima Puy Mary alfajiri ya Juni unasikia kengele za ng'ombe wa Salers kabla hujawaona. Wageni, nunueni ramani ya Michelin ya karatasi. Barabara za manjano zina magari kiasi, nyeupe ndizo zetu. Tazama na vile vishale: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo.

BintiTanga
Umetaja Lozère, mimi nikaona Causse Méjean mbele ya macho.

Ilikuwa Julai, mimi na wifi yangu. Tulijaza chupa zote Florac, mbili mbili, tukapanda zile kona hadi juu. Kule juu ni uwanda wa mawe ya chokaa, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikinyesha jiwe linaimeza yote, maji yanapita chini kwa chini yanakwenda kutokea kwenye mabonde ya Tarn na Jonte. Kwa hiyo juu hakuna mto, hakuna kijito, na mti wa kukupa kivuli utautafuta. Majani makavu, mawe meupe, kondoo. Hata wale farasi wa Przewalski wanaofugwa Le Villaret walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa kwa joto.

Wifi alipita ukingoni mwa lami, jiwe likachana ubavu wa tairi la nyuma. Siyo pancha ya kubandika kiraka ukaondoka. Tairi lenyewe limefunguka urefu wa kidole gumba, tyubu inachungulia nje. Nikaikunja karatasi ya pakiti ya biskuti mara nne, nikaipachika ndani kati ya tairi na tyubu, tukajaza upepo kidogo kidogo huku tunaangalia kama inatuna. Ikashika. Lakini tulikuwa juani saa nane mchana, na maji yakaishia hapo hapo.

Tukaendelea mwendo wa kuviziavizia. Wifi akaacha kuongea, na wifi yangu huwa haachi kuongea. Mbele tukakuta bwawa la duara lililosakafiwa mawe, wenyewe wanaliita lavogne, la kunyweshea kondoo. Maji ya kijani, utando juu, samadi mpaka ukingoni. Akashuka moja kwa moja na chupa mkononi. Nikamshika mkono. Aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikalowesha kanga niliyokuwa nimejifunga shingoni, nikamfunika kichwa, nikamwambia tusogee mpaka kile kijiji kinachoonekana.

Kijiji chenyewe nyumba chache za mawe, madirisha yote yamefungwa. Tukapiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akatoka bibi mmoja mwenye aproni ya bluu. Nikasema "bonjour madame" nikanyanyua chupa tupu. Hakuuliza kitu. Alimkalisha wifi kwenye kiti cha jikoni kwenye ubaridi wa zile kuta nene, akaleta jagi na sharubati ya mnanaa, akawa anamwambia "doucement, doucement", taratibu, kila akipiga funda. Nilitoka nje nikalia.

Kanyagia
Pole sana dada, na pole kwa wifi. Hii ndiyo niliyokuwa naisema.

Mushi_wa_Dijon
Pole. Causse siyo ya mchezo.

MzeeWaLyon
Nitoe siri ya waendesha baiskeli wa huku. Ukikosa maji kijijini, nenda makaburini. Karibu kila makaburi yana bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Duka limefungwa, baa imefungwa, makaburi yako wazi.

SaidaNantes
Mzee wangu, heshima yako, lakini maji ya makaburini mimi sinywi. Nitakufa na kiu yangu.

MzeeWaLyon
Binti yangu, ni maji yaleyale ya bomba la kijiji, hayajachotwa kaburini. Angalia tu kibao. Kikiandikwa "eau non potable", maji yasiyofaa kunywa, acha.

SaidaNantes
Nimekuelewa, sinywi. Kwetu mtu huingii makaburini unasukuma baiskeli umevaa kaptura inayobana. Wale ni watu wamelazwa pale, wana jamaa zao.

FundiSpoki
Mimi naegesha baiskeli getini, naingia kwa miguu, nasalimia, nachota, natoka. Naona hapo heshima ipo.

BintiTanga
Kule juu tungeliona bomba la makaburi tungelishukuru Mungu. Saida mdogo wangu, kiu ile huijui.

NdeziBukavu
Ndugu zangu, niko Toulouse, niongelee njia ya kando ya mfereji wa Canal du Midi. Watu wanawadanganya kwamba ni rahisi kwa vile hakuna milima. Kutoka Toulouse hadi karibu na Naurouze ni lami safi, hata watoto wanapita. Ukiingia mkoa wa Aude lami inakwisha, unabaki na udongo na mizizi ya miti ya platani. Tairi nyembamba za mbio zitakutesa.

Mushi_wa_Dijon
Nimepita na tairi za milimita 28 mpaka Carcassonne, sikupata hata pancha moja. Tusiwatishe watu.

NdeziBukavu
Ulipita kiangazi, udongo umekauka. Njoo Novemba baada ya mvua halafu tuongee. Na kivuli usikitegemee kila mahali: miti mingi imekatwa kwa ugonjwa wa kuvu ulioingia kwenye platani, kuna sehemu ndefu ziko wazi kabisa.

WaKikuyu
Watu wangu, haya ya maji na mizizi wekeni kando kidogo, niwaambie ya mbwa.

Nilikuwa natoka Barcelonnette, kwenye milima ya Alps, kupanda Col de la Cayolle, mita 2,326. Barabara inapita kwenye korongo, gari likikuja lingine lazima lisimame. Nimeshapita Bayasse, mawingu yakashuka mpaka naona lami ya mbele yangu tu. Nikasikia kengele. Kondoo wamejaa barabara nzima, mamia. Nikapunguza mwendo. Ndipo kutoka kwa lile kundi wakatoka mbwa watatu weupe, patou, wale wa kulinda kondoo, kila mmoja kichwa chake kinafika kwa usukani. Wamekuja mbio bila kubweka. Kubweka kulianza wakishanizunguka.

Nikashuka, nikaweka baiskeli katikati yangu na yule mkubwa. Nikizunguka anazunguka. Wa nyuma akashika tairi kwa meno akaanza kuvuta, mimi nimeshikilia usukani, natetemeka, mvua ya baridi imeanza. Nikaanza kumwongelesha kwa Kikuyu, sauti ya chini, nikitazama lami. Sijui ilichukua muda gani. Halafu juu kwenye mawingu nikasikia mluzi, wote watatu wakaacha wakarudi kwa kondoo.

Mchungaji alishuka na fimbo, kijana tu. Akanieleza mbwa hao hulelewa zizini tangu wadogo, kondoo kwao ni ndugu. Tangu mbwa mwitu warudi kwenye hifadhi ya Mercantour mwaka 1992 wachungaji hawana namna nyingine.

SaidaNantes
Yesu na Maria. Walikuuma?

WaKikuyu
Hapana, tairi ndilo liliumwa.

Jembe
Hapo dawa ni jiwe moja la nguvu kwa mkubwa wao, wengine watakimbia. Nimekulia Shinyanga na baiskeli, nawajua mbwa.

MzeeWaLyon
Jembe, usimfundishe mtu hivyo! Mbwa wa Shinyanga analinda ua, huyu amezoea kupambana na mbwa mwitu. Ukirusha jiwe umethibitisha kuwa wewe ni adui. Alichofanya WaKikuyu ndicho kinachotakiwa: shuka, baiskeli katikati, usimtazame machoni, subiri, kisha lizunguke kundi kwa mbali.

Mushi_wa_Dijon
Biskuti je?

WaKikuyu
Hata biskuti usimpe. Atakufuata.

Jembe
Kama ni mteremko mimi nakanyaga naondoka.

FundiSpoki
Hapo ndipo atakukimbiza kweli.

Kanyagia
Wakuu, mbwa tumewaelewa. Kuna mtu wa Provence humu? Upepo?

Avignon_Daima
Nipo. Mistral, ule upepo mkali wa kaskazini, ukivuma, mlima Ventoux uache. Ukitoka Bédoin uko msituni, unajidanganya kumetulia. Ukifika Chalet Reynard miti inaisha, mawe meupe matupu, upepo unakupiga ubavuni unasogea upande wa pili wa barabara. Kwenye Tour de France, hatua ya Julai 14, 2016, wenye mashindano wenyewe walishusha mwisho wa mbio kutoka kileleni mpaka Chalet Reynard kwa sababu ya upepo, siku ileile Froome alipokimbia kwa miguu baada ya kuanguka. Wewe na mimi ni nani? Siku hiyo nenda Gorges de la Nesque, sehemu nyingi kuna kinga na magari ni machache.

WaKikuyu
Na huyo Froome alijifunzia milima huku kwetu Kikuyu, kwa David Kinjah. Nilisimama mbele ya ule mnara wa Tom Simpson, aliyefia pale mwaka 1967, watu wameacha chupa na kofia. Nikaacha chupa yangu pia.

Mgeni_Lille
Naomba ushauri jamani. Nataka Morvan, ile milima ya misitu ya Burgundy, mwishoni mwa Oktoba, Jumamosi mpaka Jumatatu. Nimechelewa?

FundiSpoki
Ndio msimu mzuri, majani yote mekundu.

Mushi_wa_Dijon
Ni msimu wa uwindaji pia, na Jumapili ndiyo siku yao. Ukiona kibao cha "chasse en cours", uwindaji unaendelea, pembeni ya msitu, rudi utafute njia nyingine. Vaa kizibao cha rangi ya machungwa hata saa sita mchana.

MzeeWaLyon
Na mkate wa Jumatatu nunua Jumapili asubuhi, maana Jumatatu maduka mengi ya vijijini hufungwa.