Tupeane uzoefu: kufuma kroshia bila kufumua kila baada ya mistari miwili

Kitanzi
Wakuu, kuna picha inazunguka leo ya kitambaa cha meza kilichofumuliwa mpaka uzi umetoa manyoya kama pamba ya mto. Huu ndio ugonjwa wa anayejifunza. Akiona tundu moja limelala upande, anavuta ncha, mistari sita imekwenda. Uzi wa pamba hauvumilii hilo. Ukiufumua mara tatu nne msokoto unalegea, nyuzi zinaachana, ncha ya sindano inatoboa katikati ya uzi badala ya kuubeba, na kitanzi hakikai sawa hata ushike wewe fundi. Yaani kosa la pili limezaliwa na kufumua kosa la kwanza. Semeni: lipi la kufumua, lipi la kuacha?

Binti Ngamiani
Hesabu fumua, sura acha.
Chukua kitambaa cha mkono wa kochi. Mnyororo (vile vitanzi vya kuanzia) 42, unaingia kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano, vile vitatu ulivyoruka vinahesabika dabo (tundu refu) ya kwanza, mstari unaisha na dabo 40. Ukigeuza unapanda mnyororo 3, na hapo ndipo wageni wanapoliwa. Dabo ya mwisho ya mstari inatakiwa ikae juu ya mnyororo 3 wa mstari wa chini. Kwa macho halionekani kama tundu, wanaliruka. Kila mstari unapungua moja. Mistari tisa mbele, 40 imekuwa 31 na kitambaa kimechongoka kama sambusa. Hiyo huiachi. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya dabo 10, uhesabu kwa mafungu, hupotei.
Lakini dabo moja iliyolegea katikati ya mstari? Ukifua na kukinyoosha, hata wewe mwenyewe utaitafuta.

Mzee wa Nyuzi
Nakazia. Huo mnyororo 3 umekula watu.

Chausiku_S
Mbona hata hesabu si lazima ufumue? Imepungua moja, mstari unaofuata tia dabo mbili tundu moja. Imezidi, funga mbili kwa pamoja. Maisha yaendelee.

Binti Ngamiani
Chausiku, hiyo kwa kitambaa kisicho na maua sawa. Kwenye ua la nanasi ukiteleza moja, nanasi zote za juu zinahamia pembeni, na kiraka chako kinakaa katikati ya ua kama kidonda.

Chausiku_S
Anayejifunza anafuma nanasi ya nini? Aanze singo (tundu fupi) na dabo, mistari 20, sindano ya milimita 4 na uzi mnene wa rangi ya mwangaza ili aone matundu. Nyinyi ndio mnaowatisha watoto wa watu.

Kombo wa Kroshia
Na kabla hajajilaumu aangalie maelezo anayofuata ni ya wapi. Dabo ya Marekani ndiyo trebo ya Uingereza, na singo ya Marekani ndiyo dabo ya Uingereza. Ukifuata maelezo ya Uingereza kwa dabo ya Kimarekani, kitambaa kinatoka kirefu karibu mara mbili, unafumua usiku kucha kosa ambalo si lako.

Mzee wa Nyuzi
Dabo ni dabo bwana.

Kombo wa Kroshia
Mzee, kwenye dabo yako unazungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingia tundu, au huzungushi?

Mzee wa Nyuzi
Nazungusha mara moja.

Kombo wa Kroshia
Basi ni ya Kimarekani. Tuendelee.

Mama Vitambaa
Ngoja niwape kisa cha binti mmoja mtaa wa pili. Kitambaa cha meza ya duara, cha sendofu ya dada yake. Duara la dabo linaanza na 12, kila mzunguko unaongeza 12: 24, 36, 48. Yeye akaona matundu yamekuwa wazi, hayapendezi, akawa anaongeza 18 ili "yajae". Mzunguko wa nane kikaanza kupinda pinda ukingoni kama sketi ya ngoma. Badala ya kurudi mizunguko miwili, kwa hofu akaacha kuongeza kabisa. Kikajikunja kama kofia. Akafumua chote, akaanza upya, akamaliza usiku wa kuamkia shughuli. Ukingo akaweka uzi mwekundu ambao hakuuloweka kwanza kuona kama unatoa rangi. Akakifua kwa maji ya moto. Waridi mtupu! Haikutosha, wanga umeisha ndani, akakikazia kwa maji ya sukari. Asubuhi meza ya keki ina msafara wa sisimizi mpaka kwa bibi harusi.

Chausiku_S
😂😂 Sisimizi nao wamealikwa.

Fundi Pasi
Sukari inakaza kweli, ila ndiyo hiyo. Tumieni wanga wa muhogo: vijiko viwili vya chakula, koroga kwanza kwenye maji baridi kidogo visifanye mabonge, mimina kwenye nusu lita inayochemka, koroga mpaka uwe kama kioo. Upoe. Chovya, kamua bila kusokota, tandaza juu ya godoro lenye taulo, kita pini kuzunguka. Pini zisizoshika kutu! Doa la kutu halitoki kirahisi. Hapo ndipo matundu yaliyolala upande yananyooka yenyewe.

Mzee wa Nyuzi
Maji ya mchele yanatosha, mnajisumbua.

Fundi Pasi
Yanatosha kwa leso. Na uzi wa sweta usioutambua usiupige pasi ya moto, ule wa plastiki unalala bapa na haurudi.

Kitanzi
Na huu uzi uliotoa manyoya?

Binti Ngamiani
Uzungushe mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyike, chovya maji ya vuguvugu, tundika na chupa ndogo ya maji chini yake mpaka ukauke. Mikunjo itaisha, manyoya yatabaki. Fumia dodoki la vyombo.

Mzee wa Nyuzi
Mama Vitambaa, keki ililiwa au haikuliwa?