Gredi ya 7 na mfuko mtupu: kipi kianze?

Mpwa_wa_Faza
Assalaam aleikum jamaa. Kuna binti aingia Gredi ya 7 Januari, skuli ya serikali hapa kisiwani Pate, Lamu, Kenya. Yatima, alelewa na nyanya yake msuka mikeka. Orodha ya skuli: sare mpya, viatu vyeusi, madaftari, pesa za chakula na "maendeleo". Pesa zilizopo hazifiki hata nusu. Kipi kianze, kipi kingoje? Na basari?

Maalim_Hindi
Waleikum salaam. Karatasi kwanza, sare baadaye. Bila cheti cha kuzaliwa atasumbuka kusajiliwa kwa mtihani wa Gredi ya 9. Kizazi kisichoandikishwa ndani ya miezi 6 huhesabiwa kimechelewa, kwa hiyo kusanyeni kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho cha mlezi, vyeti vya vifo vya wazazi kama vipo, na barua ya skuli. Anzeni kwa naibu wa chifu, kisha ofisi ya usajili. Kinachorudisha watu ni herufi: kadi yasema Fatuma, rejista ya skuli Fatma. Linganisheni majina kabla ya kupanda boti, maana nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku kadhaa.

Basari msiitegemee sasa. Ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hulipwa kwa hundi yenye jina la skuli, wala hainunui viatu. Itafaa akifika Gredi ya 10.

Kuhusu "maendeleo": Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, yakataza karo katika skuli ya umma. Malipo mengine lazima yawe na idhini ya Waziri, na hata hapo mtoto hafukuzwi kwa kutolipa. Lakini msiende na sheria mkononi kama fimbo. Mgao wa serikali kwa sekondari ya chini (Gredi ya 7 hadi 9) uliwekwa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao huchelewa, ndipo mwalimu mkuu akabanwa. Nyanya aende mwenyewe, aombe kulipa kwa mikeka. Akitoa pesa, adai risiti.

Fundi_Cherehani
Sare: sketi moja, mashati mawili. Mwambieni fundi aache pindo la sentimita 10 chini na sentimita 3 kila ubavu. Umri huo mtoto hurefuka kabla mwaka haujaisha. Kitambaa kiwe cha pamba iliyochanganywa. Nailoni tupu yachoma kwa joto letu na hushika harufu.

Mashati meupe huku hugeuka kijivu kwa sababu maji ya kisima yana chumvi: sabuni haitoi povu, hugandamana na uzi. Fueni kwa maji ya kisima, lakini suuzo la mwisho liwe maji ya mvua ya jabia. Ndoo moja yatosha.

Viatu: nambari moja zaidi, kitambaa mbele. Kabla havijavaliwa, fundi viatu azungushe soli kwa uzi wa nailoni. Gundi peke yake huachia ikikutana na maji ya bahari, na kiatu kilichokwisha kubanduka hakishikani vizuri tena.

Bi_Mokowe
Mmesahau bahari. Muhula wa pili waangukia kusi: mawimbi makubwa, mashua ndogo hazitoki, na jirani aliyekuwa akigawa samaki hana. Madaftari, sabuni na pesa za chakula za muhula huo ziwekwe kaskazi ikivuma. Mihogo ya chakula cha mchana ipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Ikifunikwa moto huteleza na kuchacha kabla ya saa sita.

Taulo za hedhi ni haki yake skulini tangu sheria ya 2017, amuulize mwalimu wa kike. Zikikosekana, tabaka nne za kitambaa laini cha pamba, zifuliwe na kuanikwa juani. Mabinti huzificha chini ya godoro zikiwa mbichi, na hapo ndipo maradhi huanza.

Mpwa_wa_Faza
Shukrani. Nyanya ana miaka 71. Upo msaada?

Bi_Mokowe
Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika 70. Kitambulisho chake kisome miaka hiyo hiyo; wazee wengi wameandikwa wadogo kuliko walivyo. Amwambie chifu amuweke kwenye orodha usajili ukifunguliwa, na asimpe mtu kitambulisho "amshughulikie".