Mwandishi wa vitabu vya watoto anakuja shuleni kwetu Moshi: tumpokeeje?

Mwalimu wa Tatu B (Moshi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi. Mwezi ujao tutatembelewa na mwandishi wa vitabu vya watoto ambaye anakuja likizo kwao Kibosho, naye amekubali kutupa asubuhi nzima bila kudai malipo yoyote. Nilipowatangazia wanafunzi wangu, mmoja alinyoosha mkono akauliza kama waandishi huwa bado wako hai, na wenzake hawakumcheka, kwa sababu nao walikuwa wanasubiri jibu.

Kinachonipa wasiwasi ni ratiba. Kamati ya maandalizi imepanga wimbo wa Taifa, ngonjera, risala, hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya shule, neno la Afisa Elimu Kata, kisha dakika 20 za mwisho mgeni "azungumze na watoto", yaani shule nzima, kuanzia Awali hadi Darasa la Saba, wakiwa wamesimama uwanjani. Darasa langu peke yake lina wanafunzi 84, na tuna nakala tatu tu za kitabu chake. Mwalimu mmoja amependekeza tukitolee kopi ili kila mtoto awe nacho. Mwingine anataka kila mtoto aje na shilingi elfu tano anunue nakala siku hiyo. Waliowahi kupokea ugeni wa namna hii naomba wanishauri.

Mwalimu wa Ngarenaro

Mwalimu mwenzangu, ratiba hiyo naifahamu, kwa sababu sisi tuliifuata karibu neno kwa neno. Kipaza sauti kilipiga mluzi, safu za nyuma zikaanza kucheza kete kwa mawe, na mgeni wetu, ambaye alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, alisoma kurasa nne ambazo sidhani kama zilivuka safu ya tatu. Baada ya soda alituomba jambo moja tu: apewe darasa lolote, mlango ufungwe. Tulimpa Darasa la Pili.

Aliketi juu ya dawati, si mbele bali katikati yao, akasema "Paukwa!" Waliitikia "Pakawa!" kwa nguvu hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Kisha mvua ikaanza. Ninyi mnajua mvua ya masika juu ya bati ambalo halina dari: hata kelele za mwenzako husikii. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini yule mama hakunyanyuka. Aliendelea na hadithi kwa mikono na uso, akawa sungura, akawa fisi, akaonyesha mtego unavyofyatuka, na mvua ilipopungua aliwageukia watoto akawauliza fisi alipatwa na nini. Wakamsimulia wao, kila mmoja kivyake, na fisi akafa vifo kama vinane tofauti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mpe madarasa mawili au matatu, moja baada ya jingine, na watoto wakae sakafuni kwa kumzunguka. Shule nzima imsalimie mstarini asubuhi kwa dakika tano, basi.

Mratibu Mstaafu

Naafikiana na aliyetangulia kuhusu madarasa, ila naomba tusidharau itifaki. Afisa Elimu Kata anapaswa kujua ni nani anaingia shuleni na kwa shughuli gani, na barua ya kumjulisha ipitie kwa mwalimu mkuu mapema, si siku moja kabla. Neno lake likiwa la dakika tatu halimwumizi mtu. Kilichonichosha katika miaka yangu ya kazi ni risala ambayo ndani yake ugeni wa mwandishi unageuzwa kuwa nafasi ya kuomba matundu ya choo. Mwandishi hana matundu ya choo.

Kuhusu fedha, Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliweka elimu bila malipo, na mchango wa lazima kwa mtoto wa shule ya msingi ya serikali ni jambo litakalomletea mwalimu mkuu maswali. Mzazi anayetaka kununua anunue kwa hiari yake, tena baada ya shughuli na nje ya darasa, ili asiwepo mtoto wa kusimama pembeni akiwatazama wenzake wakisainiwa vitabu. Angalieni pia kama kitabu kina ithibati ya wizara, kwa kuwa mkitaka kiendelee kutumika darasani kama kitabu cha ziada, hilo litaulizwa. Na picha za watoto zisisambazwe kwenye makundi ya simu bila wazazi kuridhia.

Bibi Simulizi (Arusha)

Mimi ninaandika vitabu vya watoto, kwa hiyo nitasema la upande wetu. Niliwahi kufika shule moja nikakuta kila mtoto ameshika kitabu changu, nikajawa na furaha, hadi nilipokaribia nikaona kwamba zote ni kopi za nyeusi na nyeupe zilizobanwa pini, na yule kasuku niliyebishana na mchoraji majuma mawili kuhusu rangi zake amekuwa doa la kijivu. Sikusema kitu, kwani watoto walikuwa wamekisoma kweli. Hata hivyo, kazi hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mrabaha wangu ni sehemu ndogo tu ya bei ya kila nakala inayouzwa, si ya kila nakala inayosomwa. Usitoe kopi, Mwalimu. Kama unahitaji ukurasa mmoja kwa zoezi, mwandikie mgeni wako umwombe. Mimi ningekubali siku hiyo hiyo.

Nakala tatu zinatosha kabisa ukiwasomea kwa sauti, kurasa chache kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Ugeni unaoharibika ni ule ambao watoto hawajakisoma kitabu, maana hapo maswali yote yanakuwa "una watoto wangapi" na "umepata shilingi ngapi". Mwombe pia aje na rasimu. Mimi hubeba moja ambayo mhariri aliikatakata kwa wino mwekundu, na hakuna ninachokionyesha kinachowashtua watoto kuliko hicho: mtu mzima, mwenye miwani, amekosa kama wao na amerudishiwa daftari.

Na usimwachie yeye hadithi zote. Watoto wa Moshi wanaamka wakiutazama mlima. Waulize nyumbani kwa nini Kibo, mwenye mita 5,895, ana kichwa cha mviringo, ilhali Mawenzi, mwenye mita 5,149, amemegekamegeka. Bibi mmoja atasema Mawenzi alizidisha kuomba moto kwa jirani yake hadi akapigwa kwa mchi, mwingine atasema ulikuwa mwiko, na watoto wakianza kubishana mbele ya mgeni kuhusu mchi na mwiko, muache mgeni wako asikilize. Sisi waandishi tunakuja kuchukua pia.

Mwalimu wa Tatu B (Moshi)

Asanteni sana, wakubwa zangu na wenzangu. Nimezungumza na mwalimu mkuu, na ingawa mwanzoni aliona kama ninaikosoa kamati, amekubali hotuba zibaki mbili fupi na mgeni apewe madarasa matatu: la Pili, la Tatu na la Tano. Ngonjera imebaki, kwa sababu watoto wameshaikariri na kuwanyang'anya sasa kungekuwa ukatili. Fedha za kitabu zimefutwa, na kopi pia.

Tumeanza kusoma tangu Jumatatu, na watoto wanaandika maswali kwenye bango la karatasi lililobandikwa ukutani. Linaloongoza kwa kura mpaka leo ni kwa nini fisi wa ukurasa wa tisa amevaa soksi moja tu. Nimekisoma kitabu hicho mara nne na sikuwahi kuiona hiyo soksi.